Maji ya Kave ya Mama Vumilia

Kama mutu akikuita uende kuangalia maji katika kave yake, siku ya kwanza usibebe jembe. Beba kiti.

Najua munacheka. Ninyi vijana munaofika kwa pikipiki na tiyo, mabomba ya plastiki, zimefungwa nyuma, munaona fundi anayekuja na kiti ni muzee aliyechoka miguu. Miguu imechoka, sikatai. Lakini kiti nilikibeba hata wakati ule ningeweza kupanda kilima na mufuko wa sima, saruji ya kujengea, kichwani bila kupumzika. Aliyenifundisha kazi hakuniruhusu kugusa kitu kabla ya kukaa na kuangalia maji, kimya, kama mutu aliyekwenda kumusalimia mugonjwa.

Huku kwetu Masisi nyumba hazipati mahali pa kusimama sawasawa. Zinaegemea kilima. Upande wa juu, dirisha linatazama majani ya ng'ombe. Upande wa chini inabaki nafasi chini ya sakafu, na wazee wetu hawakupenda nafasi ilale bure. Wakachimba, wakajenga ukuta wa mawe, wakaweka mulango mudogo wa kukuumiza kichwa, ikawa kave. Humo munakaa viazi vya mbegu, kasiksi, pombe ya ndizi, inayongojea wageni, na fromaji, jibini, za wale wanaojua kuzigandisha. Na maji. Maji yanahamia kabla ya mwenye nyumba.

Mimi nilifanya kazi ya kuyatoa. Na jambo la kuchekesha ni kwamba sipendi kutoka kwangu. Nikiambiwa twende Goma, ninaanza kuukumbuka muto wangu nikiwa bado nafunga viatu. Nilipoacha masomo mwaka wa nne wa sekondari, nilichagua ufundi wa nyumba kwa sababu nilifikiri fundi wa nyumba anakaa nyumbani. Hakuna aliyenieleza kwamba ni nyumba za wengine, tena chini ya sakafu, tena na panya.

Aliyenifundisha aliitwa Papa Ladisi. Mufupi, mabega mapana, maneno machache. Ukifanya vibaya, alikuwa anasema "Vunja." Ukifanya vizuri, hakusema kitu, alienda kwenye jiwe linalofuata. Katika miaka kumi na moja aliniambia "muzuri" mara moja tu. Nilikuwa nimejenga ukuta nyuma ya nyumba yake mwenyewe, yeye akiwa safarini Walikale. Alirudi, akauangalia muda murefu, akavuta kofia yake mbele, akasema: "Ukuta iko muzuri." Hilo neno nimeishi nalo kama wengine wanavyoishi na diploma kwenye ukuta wa saluni ya kupokea wageni. Likumbukeni, tutalirudia.

Kwake nilijifunza kwamba swali la kwanza si "nitatumia tiyo gani." Swali ni maji yanatoka wapi. Maji yenye matope, yanayoingia mvua ikinyesha na kuondoka mvua ikiisha, hayo yanatoka juu, kwenye majani, kwenye mabati yasiyo na mufereji. Hayo dawa yake ni rahisi: tengeneza mabati, chimba mutaro juu ya nyumba, uyapeleke pembeni. Wengi wenu munakimbilia kuvunja sakafu ya mutu wakati shida ni bati moja lililopinda. Lakini maji meupe, baridi, yanayokuja siku moja ao mbili nyuma ya mvua na kukaa, hayo yako chini. Hayo hayakimbizwi kwa mutaro wa juu.

Na kama ukuta una jasho tu, chukua kipande cha plastiki, kibandike ukutani pembe zote, ungoje siku mbili. Ukikuta matone nyuma ya plastiki, ukuta unaleta maji. Ukikuta matone mbele, ni hewa ya ndani, fungua dirisha, urudi nyumbani kwako ulale.

Papa Ladisi alitumia majivu kufuatilia njia ya maji. Anamwaga maji ya majivu juu ya nyumba, anakaa kwenye kiti ndani ya kave, anangoja yatokee. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kemia kidogo, nikasema tuache ushamba. Kwa katekista mumoja nikamwaga violet ya dispanseri, ile ya kupaka vidonda. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Maji yalitokea kwenye kona ya kushoto, yakapita katikati ya viazi vyake vya mbegu, na viazi vikapata rangi ya mavazi ya padri wakati wa Kwaresima.

"Boni," katekista akaniuliza, "hata viazi yangu inafunga?"

Mwaka mwingine nikaitwa Hombo, mbali kabisa, kwa mufanyabiashara aliyekuwa ameona kave Goma na akataka yake. Niliteremka kutoka kwenye baridi yetu mpaka kwenye joto la musitu, siku tatu za barabara, nikimulilia muke wangu kimoyomoyo, naye pengine alikuwa anapumzika. Nikachimba shimo la kujaribu, kina cha mukono. Asubuhi lilikuwa limejaa. Muzee mumoja wa pale, muwindaji, alikuwa amesimama na mbwa wake akiniangalia.

"Fundi, weye unatafuta maji ao unaikimbiza?"

"Ninaikimbiza, Papa."

"Basi umetoka Masisi mpaka huku, na yenyewe njo imekukuta hapa."

Nikamuambia yule mufanyabiashara ainue sakafu yake juu ya nguzo na asahau kave. Hakufurahi. Ile ninaihesabu katika kazi zangu bora: kave ambayo haikuchimbwa haijawahi kuingia maji.

Sasa Mama Vumilia.

Ni mujane wa Papa Ladisi. Anatengeneza fromaji, zile za mviringo, ngumu nje na laini ndani. Kave yake njo maisha yake. Rafu za mbao pande tatu, na juu ya rafu fromaji zimepangwa, kila moja anaigeuza kila asubuhi kama mutu anayegeuza watoto wasiamke na shingo inayouma. Aliniita mwezi wa sita, mwaka ule nilikuwa tayari nimeambia kila mutu kwamba nimeacha kazi. Mvua za Aprili zilikuwa zimepanda mpaka rafu ya kwanza. Sakafu ilikuwa imeinuka katikati kama tumbo.

Mutoto wake, Dezire, anakaa Goma. Alikuwa amekuja kumuchukua.

"Mama, tujaze hii kave udongo, nyumba isianguke. Weye ukuje ukae kwangu. Kuko umeme, kuko televizyo."

"Nikae kwako nifanye nini?"

"Upumzike."

Mama Vumilia alikuwa ameshika fromaji mukononi. Akaigeuza, akairudisha rafuni.

"Dezire, nimehama hii nyumba mara tatu juu ya batu na bunduki zabo. Mara tatu nimerudi. Sitahama juu ya maji."

Dezire hakuwa mutoto mubaya. Alikuwa na woga tu, na haki ya kuwa nao, kwa sababu ule ukuta wa chini ulikuwa unasukumwa. Wakapatana mbele yangu: kama mvua ya Septemba itaingia tena, kave itajazwa, na Mama ataenda Goma. Kisha wote wawili wakaniangalia mimi. Mimi mutu wa kukaa nyumbani, niliyeelewa kuliko mutu yeyote pale ni nini kumutoa mutu kwenye nyumba yake.

Na sikubeba kiti.

Niseme ukweli, kilikuwa nyumbani, nilikuwa nimekikalia tangu niache kazi. Lakini zaidi ya hapo niliona aibu. Ilikuwa nyumba ya bwana wangu wa kazi, nilitaka kuonyesha kwamba nimepita alipofika. Nikasema, kilima ni kikali, maji yanatoka kilimani, tutayakata huko huko. Nikaagiza tiyo yenye matundu kutoka Goma. Julai yote nikachimba nyuma ya ukuta wa juu, mpaka chini ya musingi, vijana wawili wakinisaidia na mimi nikiwasaidia kwa kuongea. Tukapaka ukuta lami kwa nje. Tukaweka kokoto, tiyo, kokoto tena, tukafunika na bashi, turubai ya plastiki, tukarudisha udongo. Mawe tuliyotumia yalikuwa ya volkano, yale mepesi yenye matundu, hakuna jiwe linalopitisha maji vizuri kama hilo. Andikeni hiyo hata kama mutasahau mengine yote. Ilikuwa kazi nzuri. Ninyi mungeipiga picha. Mimi nilimuita Mama Vumilia mara nne aje kuiangalia.

"Nimeiona, Boni."

"Angalia pale kwenye kona, Mama."

"Kona pia nimeiona."

Septemba ikafika. Mvua ikanyesha siku tatu. Siku ya tatu jioni Mama akapiga simu.

"Boni, ukuta yako ya juu iko kavu."

Nikatabasamu peke yangu kwenye kiti.

"Imekauka kabisa," akaendelea, "hata paka imepanda rafu imeegamia pale, ukuta ile tu njo iko kavu. Sakafu iko na maji mpaka kwenye goti."

Nilipanda kesho yake asubuhi. Maji yalikuwa meupe. Baridi. Unaona vidole vyako vya miguu chini. Kila kitu ninachowaambia ninyi leo kuhusu maji meupe nilikuwa ninakijua siku ile, nilikuwa nimekijua miaka arobaini, na nilikuwa nimechimba mwezi muzima upande usiokuwa na shida. Mutaro wangu ulikuwa unakata maji ya kilima vizuri sana. Shida ilikuwa chemchemi chini ya nyumba.

Mama alikuwa amehamisha fromaji za rafu ya chini jikoni, zimepangwa juu ya meza, juu ya viti, moja juu ya redio. Jikoni kuna joto la moto. Zilikuwa zimeanza kutoka jasho, na mbili zimepasuka kama kisigino cha mulimaji.

"Dezire anakuja Siku ya Posho," akasema. "Na batu ya kubeba udongo."

Siku ya Posho kwetu ni Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi. Unaweza kuchimba ndani, uweke mufereji kuzunguka sakafu yote, na kisima kidogo kwenye kona, na pompe, pampu ya kunyonya maji. Hiyo ni njia, wengine wanaipenda. Lakini pompe inataka umeme, na sisi umeme wetu ni jua na subira. Na huwezi kuifanya kwa siku mbili ukisimama ndani ya maji. Sikuwa na tiyo nyingine. Sikuwa na wazo. Nikamuomba Mama kiti.

Akaniletea kile kigoda anachokalia akikamua. Nikakiweka kwenye ngazi ya kave, nikakaa, miguu majini. Nikayaangalia maji. Yeye akasimama mulangoni juu yangu, na mwishowe nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mwezi wa sita.

"Mama, wakati Papa alikuwa muzima, hii maji ilikuwa inaenda wapi?"

"Ilikuwa inapita chini ya sakafu, kwa mufereji yake ya mawe. Alijenga nyumba juu ya chemchemi na akili yake yote. Alisema fromaji inataka kusikia maji karibu, bila kuigusa."

"Na ilikuwa inatokea wapi?"

Nikageuka nikamuona amefunika mudomo na kitenge. Nilifikiri analia kwa kumukumbuka bwana yake. Alikuwa anacheka.

"Mama?"

"Simama, Boni. Kuja nikuonyeshe."

Tukazunguka nyumba, tukapita upande wa chini, nyuma ya banda la mbuzi. Akawasukuma mbuzi wawili kwa goti. Nyuma ya banda ulikuwa ukuta unaoshikilia udongo wa ua. Ukuta wa mawe na sima. Ulikuwa umejaa ukungu, lakini nyuso za mawe zilikuwa zimelingana vizuri, kona zimekaa sawa, na katikati, palipopakwa sima laini, palikuwa na maandishi ya musumari, N moja imegeuka kinyume:

BONI FUNDI

Ule ukuta wangu. Ukuta wa "muzuri."

"Uliijenga mwezi wa saba," Mama akasema. "Papa alikuwa Walikale. Mimi njo nilikuomba ukuta, mbuzi walikuwa wanaangusha udongo. Kulikuwa na tundu pale chini. Ilikuwa kavu. Ukaniambia, Mama, hii ni tundu ya panya, nitaifunga vizuri."

Nilikumbuka. Vijana, nilikumbuka hata mawe niliyoyachagua kulifunga. Nilichagua mazuri.

"Papa akarudi akaona. Usiku… hapana, siku ile ile, ulipoenda kwenu, nikamuuliza: Je, utamuambia avunje? Maana mimi nilijua neno yake ni ile moja. Akasema: 'Mutoto ameandika jina. Ukuta iko muzuri. Nitatafuta njia ingine.' Akatoboa hapa pembeni, akapitisha muanzi. Kila mwaka mwezi wa nane alikuwa anaingia katika mavi ya mbuzi na fimbo refu, anasafisha. Ukimukuta, alikuwa anakuambia anatafuta yai."

Nilikuwa nimemukuta. Mara mbili. Nilikuwa hata nimemucheka, kwamba muzee mwenye akili nyingi hivi hajui kuku wanataga wapi.

Alipokufa hakuna aliyeingia tena na fimbo. Muanzi ukaoza, udongo ukashuka, na maji yakabaki ndani yakingoja mutu wa kuyafungulia.

Mama Vumilia akaweka mukono kwenye mulango wa banda.

"Nilikuwa ninangoja uulize," akasema. "Juni nilitaka kukuambia. Lakini ulifika na furaha, na michoro, na tiyo. Nikasema pengine siku hizi kuko dawa mupya. Tena Papa aliniachia neno kwamba nisikupe aibu."

"Na kama ningeendelea kutouliza? Kesho kutwa Dezire..."

"Leo jioni ningekuambia. Aibu niliweza kukupa. Nyumba yangu, hapana."

Kisha akaniambia, kwa sauti ya bwana yake kabisa, mpaka mbuzi wakainua masikio:

"Vunja."

Nikavunja. Niliangusha banda la mbuzi kupata nafasi, kisha nikaanza na baramini, mutaimbo wa chuma, upande wa chini, polepole, kwa sababu maji yaliyofungwa hayafunguliwi kwa hasira. Unafungua kidogo, unasimama pembeni, unayaacha yashuke, unafungua tena. Ukifungua kwa mara moja, yanakuja na udongo wa musingi, na hapo unakuwa umemuokoa mutu kutoka kwenye maji ukamupa kaburi. Sima yangu ya ujana ilikuwa ngumu kama nini. Kila pigo nilikuwa namutukana aliyeijenga, na kila pigo nilikuwa namuheshimu kidogo. Kipande chenye jina kilitoka kizima, upana wa sinia. Nyuma yake likatokea jiwe la mwisho, lile zuri, na nilipolivuta maji yakaja: kwanza meusi, yakinuka miaka, kisha ya kahawia, kisha meupe. Yalipita katikati ya miguu ya mbuzi yakashuka kwenye shamba la maharagi kama yanayojua njia.

Mama alikimbia ndani, nikamusikia kutoka chini ya sakafu:

"Inashuka, Boni! Ngazi ya pili ninaiona! Ya tatu!"

Ijumaa nikaingia kwa tumbo katika mufereji wa Papa Ladisi kadiri mabega yalivyoruhusu. Mawe makavu, bila sima, yamepangwa na muinamo mudogo kiasi ambacho nivo yangu, ile ya kupimia usawa, iliuona kwa taabu. Yalikuwa bado sawa. Nikatoa matope kwa sahani ya bati. Kwenye mudomo wa kutokea nikaweka kikuta kidogo kilicho wazi na nondo mbili, chura apite, panya asipite, na nikaacha nafasi ya mutu kuingiza fimbo bila kukutana na mavi.

Jumamosi Dezire alifika na watu watano na majembe. Mama akamupeleka kave. Sakafu ilikuwa imekauka juu, na chini yake ukikaa kimya ulisikia maji yakipita. Dezire alitega sikio, akiinamisha kichwa kama babaye.

"Na hawa batu nimeleta?" akauliza.

"Bajenge banda ya mbuzi," Mama akasema. "Fundi Boni ameivunja."

Walijenga, wakala fromaji iliyopasuka na viazi, wakateremka. Dezire aliteremka bila mama yake, na kusema ukweli alionekana amepungukiwa uzito.

Mutaro wangu wa Julai bado unafanya kazi yake. Sijuti tiyo. Nyumba ile ilihitaji vyote viwili, wa juu kwa maji ya kilima na wa chini kwa chemchemi, na kama ningeanza kwa kutafuta maji yanatokea wapi kabla ya yanaingilia wapi, ningepata vyote kabla ya mvua. Ninyi anzeni pale. Zungukeni nyumba, sukumeni mbuzi, ulizeni mama wa nyumba. Anajua. Anangoja tu mufunge mudomo.

Siku hizi sitoki, isipokuwa mwezi wa nane. Ninapanda kwa Mama Vumilia na fimbo ndefu, ninasafisha mudomo wa mufereji, na vijana wanaopita njiani wakiniuliza natafuta nini huko, ninawajibu: yai.

Nikimaliza ananiita ndani. Pale kave, fromaji mupya inakandamizwa siku nzima chini ya uzito ili maji yake yatoke. Zamani alitumia jiwe la mutoni. Sasa anatumia kile kipande cha sima, maandishi yakitazama juu. Mara ya kwanza nilipokiona nilisimama tu, nikiinamisha kichwa kwa sababu ya ule mulango mufupi. Yeye aliinama pembeni, akatazama matone yakidondoka kwenye ndoo, moja moja, sawasawa, na akaniangalia.

"Unaona, Boni? Sasa ukuta yako inatoa maji."

Kisha akavuta kitenge chake mbele, kama mutu anayevuta kofia.

"Iko muzuri."